Deni Lisilolipwa kwa Shukrani: Askari Anayerudi Darasani Thika na Ruiru

Jamii inayomtuma mtu kuua au kuuawa kwa niaba yake hubeba deni ambalo falsafa ya maadili haijalipatia kipimo kinachokubaliwa na wote. Majibu yaliyozoeleka ni mawili: la kwanza ni fedha, yaani mshahara, kiinua mgongo na pensheni, na la pili ni heshima, yaani nishani, gwaride na maneno ya shukrani yanayotolewa katika sikukuu za taifa. Insha hii inatetea jibu la tatu, nalo ni kwamba deni hilo halimaliziki mpaka askari aliyerudi afunguliwe mlango wa kuwa mwanafunzi. Sababu yake si kwamba elimu ni zawadi bora kuliko fedha, bali ni kwamba kusoma pamoja na raia humrudisha askari katika mazungumzo ya jamii iliyomtuma, na wakati huohuo huilazimisha jamii hiyo kuyatazama yale yaliyotendwa kwa jina lake.

Inafaa istilahi zinazotumika hapa zielezwe mapema. Mwanajeshi mstaafu ni mtu aliyewahi kulitumikia jeshi la nchi na kuondoka kwa utaratibu unaokubalika, iwe muda wake ulikwisha, iwe aliumia, au iwe aliomba mwenyewe kuondoka, na kwa hiyo si lazima awe mzee, kwa kuwa wengi huvua sare wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi kwa miongo miwili au mitatu. Askari aliye kazini ni yule anayesoma huku akiendelea kutii amri za kamanda wake, na ambaye ratiba yake ya masomo inaweza kuvurugwa na amri moja ya kuhama. Elimu ya juu inajumuisha shahada, pamoja na stashahada na vyeti vya vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi, kwa sababu njia ya askari wengi kufikia shahada hupitia ngazi hizo za chini.

Ukanda wa Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, unafaa kwa uchunguzi huu kwa kuwa ni mahali ambapo kambi na chuo vimekaribiana sana. Anayesafiri kutoka Nairobi kwa Barabara Kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, hupita eneo la Kahawa penye kambi ya jeshi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha hufika Ruiru penye Chuo Kikuu cha Zetech na chuo cha kuwafunza maafisa wa magereza, halafu Juja penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na hatimaye Thika, mji wenye Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Gretsa na kambi ya wahandisi wa jeshi. Chuo Kikuu cha Kenyatta chenyewe kilizaliwa kambini, kwani majengo yake ya mwanzo yalikuwa kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer Barracks, ambayo Uingereza iliikabidhi serikali ya Kenya mwaka 1965 ili igeuzwe chuo. Historia hiyo inaonyesha kwamba mabweni ya askari yanaweza kuwa madarasa ndani ya muda mfupi baada ya hati kutiwa saini, lakini inaacha wazi swali gumu zaidi, ambalo ni jinsi askari mwenyewe, mwenye kumbukumbu, mazoea na pengine majeraha, anavyoweza kuvuka kutoka maisha yale hadi haya.

Deni katika historia ya Kenya

Kenya si ngeni katika suala la nchi kulipa au kutolipa deni la vita. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia ardhi askari wazungu waliotoka vitani. Waafrika walioandikishwa katika kikosi cha wapagazi, ambacho kumbukumbu yake imebaki katika jina la Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Katika mizani ya dola ile, kafara ya mmoja ilihesabiwa kuwa deni na kafara ya mwingine ikahesabiwa kuwa gharama, na tofauti hiyo haikutokana na walichokitenda vitani, bali ilitokana na nafasi waliyopewa katika jamii kabla ya vita kuanza.

Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua Wakenya karibu 100,000, wengi wao katika kikosi cha King's African Rifles na katika vikosi vya utumishi. Shule ya Jeanes iliyokuwa Kabete ilitumika wakati wa vita kuwaandaa walimu wa elimu ya jeshi, na vita vilipokwisha ikatoa mafunzo kwa askari waliorudi, lakini nafasi zilikuwa chache ukilinganisha na idadi yao, na lengo la mafunzo hayo lilikuwa kuwarudisha katika maisha ya vijijini chini ya utaratibu uleule wa kikoloni. Huko Marekani, sheria iliyotiwa saini tarehe 22 Juni 1944 iliwagharamia masomo askari waliorudi, na takriban milioni 2.2 kati yao waliingia vyuoni na katika vyuo vikuu, ingawa utekelezaji wake uliwabagua askari weusi katika majimbo mengi. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba kumfungulia askari mlango wa shule hakutoshi, kwa maana mlango huohuo unaweza kumwonyesha kwamba amerudi katika jamii, na pia unaweza kumwonyesha kwamba anaelekezwa mahali alipopangiwa kubaki.

Maisha ya Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, yanaonyesha ni nini hutokea pale ambapo askari amejifunza vitani kuuliza maswali na jamii haina mahali pa kuyapokea. Itote alipigana Burma, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1967 alieleza jinsi mazungumzo na askari wa mataifa mengine yalivyomfanya ajiulize alikuwa anapigania uhuru wa nani. Aliporudi alikuta kwamba nchi aliyoitetea haikuwa na kiti kwa ajili ya swali hilo, akaingia msituni kupigania uhuru, akakamatwa mwaka 1954, na alipofungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta ndipo alipofundishwa Kiingereza na mfungwa mwenzake. Mwanajeshi aliyeitumikia himaya nzima akapata mwalimu wake gerezani. Bildad Kaggia naye, aliyehudumu Mashariki ya Kati na Uingereza, alizuru Yerusalemu akiwa askari, na safari hiyo ilimfanya aitilie shaka dini aliyofundishwa na wamisionari, hata aliporudi akaanzisha kundi la ibada lisilotegemea misheni. Katika maisha ya wote wawili vita vilizaa fikra, na fikra zilipokosa chuo zilijitafutia mahali pengine.

Dini na utakaso wa aliyemwaga damu

Jamii nyingi ziliona zamani kwamba anayerudi kutoka vitani hawezi kuingia moja kwa moja katika maisha ya kawaida, hata kama vita vyenyewe vilikuwa vya haki. Kwa Wakikuyu, ambao ndio wenyeji wa ardhi ya Thika na Ruiru, aliyemwaga damu alihesabiwa kuwa na *thahu*, yaani unajisi unaoweza kumdhuru yeye mwenyewe, jamaa zake na mifugo yake, na alihitaji kutakaswa na mganga kabla ya kuchangamana na wenzake. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba unajisi huo haukuwa hukumu ya kosa. Shujaa aliyeulinda mji alisifiwa na kutakaswa, kwa kuwa jamii ilitambua kwamba tendo linaweza kuwa la lazima, hata la kusifika, na bado likaacha doa ambalo mtenda hawezi kulifuta peke yake.

Ukristo wa karne za mwanzo ulikuwa na fikra inayokaribiana na hiyo. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alikubali kwamba mababa waliomtangulia hawakuhesabu kuua vitani kuwa mauaji ya kukusudia, lakini alishauri kwamba askari waliorudi wakae miaka mitatu bila kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu mikono yao haikuwa safi. Ushauri huo unaweza kuonekana mkali, na wengi hawakuufuata, lakini ndani yake kuna hekima ambayo dini nyingi za leo zimeisahau, nayo ni kwamba kanisa linalobariki safari ya askari kwenda vitani lina wajibu wa kumwandalia pia njia ya kurudi, yenye muda, hatua na watu wa kutembea naye.

Uislamu unaongeza jambo linalohusu moja kwa moja vita na elimu. Aya ya 122 ya Sura At-Tawba inafundisha kwamba haiwapasi waumini kutoka wote kwenda vitani, na kwamba kutoka kila kundi wabaki watu watakaojipatia ufahamu wa dini ili wawaonye wenzao wanaporejea, jambo linaloonyesha kwamba elimu ya wanaobaki ni amana kwa ajili ya wanaorudi. Mapokeo yanasimulia pia kwamba baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliachiwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Katika mafundisho hayo mwalimu na mpiganaji wanahitajiana, na jamii inayowatenga inajipunguzia uwezo wa kuelewa kwa nini ilipigana.

Mila ya Kikuyu ina hatua nyingine inayotoa jibu la wazi zaidi kwa swali la insha hii. Kenyatta alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba kijana aliyemaliza hatua ya ushujaa, akaoa na kupata mtoto, hakuwa mzee wa baraza mara moja. Aliingia kwanza katika daraja lililoitwa *kiama gia kamatimo*, yaani baraza la wabeba mikuki, ambako alitumwa, aliwasha moto, alichuna mbuzi na kuwachomea wazee nyama, huku akisikiliza jinsi kesi zinavyoamuliwa na jinsi sheria zinavyofasiriwa. Mtu yuleyule aliyekuwa tegemeo la ulinzi wa kijiji alikubali kuwa mwanafunzi chini ya wazee, na jamii nayo ilikubali kumfundisha, kwa maana ilijua kwamba nguvu za kutetea nchi hazimpi mtu moja kwa moja hekima ya kuiongoza. Katika mpangilio huo kusoma baada ya vita hakukuwa huruma aliyofanyiwa shujaa, wala hakukuwa mshahara wake. Lilikuwa daraja la lazima kati ya silaha na hekima, na kila mwanamume aliyetaka kusikilizwa alilivuka.

Jeraha la dhamiri na kazi ya darasa

Daktari wa magonjwa ya akili Jonathan Shay, aliyewatibu Wamarekani waliopigana Vietnam na kuchapisha mwaka 1994 kitabu kilichowalinganisha na mashujaa wa Homeri, alisaidia kueneza fikra ya jeraha la dhamiri, yaani maumivu anayopata mtu ambaye kanuni alizoziamini zimevunjwa naye mwenyewe, au na wakubwa aliowategemea, katika jambo lenye uzito wa uhai na kifo. Jeraha hilo linatofautiana na kiwewe kinachotokana na hofu. Aliyejeruhiwa na hofu huhitaji kuhakikishiwa kwamba hatari imepita, ilhali aliyejeruhiwa dhamiri huhitaji kupata maana, kusema ukweli, na kuwa na watu wanaoweza kuusikia bila kumhukumu haraka wala kumsifu haraka.

Kenya ina watu wengi wanaoweza kuwa na hitaji hilo. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi Oktoba 2011, yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika mwaka uliofuata, na tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa na askari wengi wakauawa, bila serikali kutangaza rasmi idadi kamili. Askari aliyewazika wenzake ambao nchi haijasema wazi ni wangapi amebeba huzuni pamoja na ukimya aliowekewa juu yake, na ukimya wa namna hiyo ni mzigo wa dhamiri hata kwa yule ambaye hakutenda kosa lolote. Nishani haiondoi mzigo huo, wala pensheni haiuondoi, kwa sababu unahusu ukweli, na ukweli hutafutwa pamoja na wengine.

Hapa ndipo chuo kikuu, kikiwa mwaminifu kwa wito wake, kinakuwa na kitu ambacho hospitali na benki hazina. Darasa la historia, sheria, theolojia, saikolojia au falsafa ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuuliza kama vita fulani vilikuwa vya haki, ni nani aliyefaidika navyo, na amri gani hazikustahili kutiiwa, na anauliza pamoja na wengine wenye haki sawa ya kumpinga. Aristotle alisema kwamba kijana si msikilizaji afaaye wa maadili na siasa kwa kuwa hajayazoea matendo ya maisha, ambayo ndiyo mwanzo na maudhui ya mijadala hiyo. Ikiwa alikuwa sahihi, basi sajini mwenye umri wa miaka 38 anayekaa Thika kati ya wanafunzi wa miaka 19 ana jambo la kulifundisha darasa zima, kwani ameona kwa macho yake maana ya maneno ambayo wenzake wanayajua kwa vitabu tu. Socrates mwenyewe alikuwa askari wa miguu huko Potidaea, Delium na Amphipolis kabla ya kusimama mahakamani kuitetea falsafa, na hakuna dalili kwamba ukakamavu wa hapo kwanza ulipingana na uulizaji wa hapo baadaye.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la haki ya mgawanyo. Katika nchi ambayo vijana wengi waliofaulu hukosa karo, na ambako muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi na mlinzi wa usiku pia huitumikia jamii kwa malipo madogo, inaweza kuonekana dhuluma kumtengea askari nafasi ya pekee. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake halipatikani kwa kudai kwamba askari ni bora kuliko muuguzi. Linapatikana katika hali ya kazi yenyewe, kwa maana askari peke yake hutakiwa kisheria kutoa uhai wake kwa amri, huzuiwa kuacha kazi anapotaka, na huagizwa kutenda jambo ambalo raia yeyote angeshtakiwa kwa kulitenda. Anachostahili si kipaumbele cha kuwapita maskini katika foleni ya mikopo. Anastahili kuondolewa vikwazo ambavyo utumishi wenyewe ulimwekea, na kumwondolea mtu kikwazo ulichomwekea ni haki ya kawaida kabisa.

Pingamizi la pili ni la wahanga. Mauaji ya Wagalla, Wajir, mwezi Februari 1984, yalitekelezwa na vyombo vya usalama vya serikali, na familia zilizopoteza ndugu zao zinaweza kuuliza kwa haki kwa nini mtu aliyevaa sare ile apokewe chuoni kwa heshima. Insha hii haidai kwamba elimu ni msamaha. Toba, katika Ukristo na katika Uislamu, haiwezekani bila kukiri ukweli na kurudisha haki za aliyedhulumiwa pale inapowezekana, na chuo hakina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya wahanga wala ya kumwepusha mhalifu na mahakama. Lakini hoja hii inatia nguvu haja ya elimu, kwa sababu jeshi ambalo watu wake hawajawahi kukaa darasani na mwana wa Wajir, wakamsikia akisimulia kilichoipata familia yake, limekosa kinga mojawapo dhidi ya kurudia yaleyale.

Pingamizi la tatu linatokana na kumbukumbu ya kisiasa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijitokeza barabarani kuwaunga mkono, na jaribio liliposhindwa wanafunzi walikamatwa na chuo kikafungwa kwa muda mrefu. Baada ya hapo serikali ilianza kuwapeleka waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu katika mafunzo ya kijeshi ya vijana kabla ya masomo. Kwa miaka mingi, kwa hiyo, askari na mwanafunzi walikutana kwa njia mbili tu, ama wakiwa washirika katika uasi, ama mmoja akitumwa kumtia mwenzake adabu, na wapo wanaohofia kwamba kumwingiza askari chuoni ni kuingiza amri mahali pa hoja. Hofu hiyo inafaa kuheshimiwa kwa kuweka mpaka ulio wazi: anayeingia darasani huingia akiwa mwanafunzi, bila silaha, bila cheo na bila jukumu la kuwachunguza wenzake. Mpaka huo ukilindwa, ujirani wa darasani unawapa wote wawili njia ya tatu ya kukutana. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, lilionyesha kwa uchungu kwamba adui aliyewaua askari kambini ndiye aliyewaua wanafunzi mabwenini, na kwamba msiba wao ni mmoja.

Wajibu unaotokana na hoja

Methali husema dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya deni hili yanaweza kutajwa kwa mambo mahususi. La kwanza ni ngazi ya kuingilia. Jeshi la Ulinzi la Kenya huwaandikisha askari wa kawaida wenye alama ya wastani ya D au zaidi kidogo katika mtihani wa kidato cha nne, kutegemea tangazo la mwaka husika, ilhali kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni C+. Nchi imemwona mtu huyo kuwa anafaa kukabidhiwa bunduki, redio ya mawasiliano na maisha ya wenzake, lakini baada ya miaka mingi ya utumishi bado inamhesabu kwa alama aliyoipata akiwa na miaka 18. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu imeweka msingi wa kuoanisha viwango na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na fundi wa magari, muuguzi wa kambini au mhandisi wa madaraja kutoka kambi ya Thika ndiye hasa anayepaswa kunufaika nao. Kupima ujuzi wake kwa uaminifu hakushushi kiwango, kwa kuwa kiwango hulindwa zaidi na mtihani wa kutoka kuliko na cheti cha kuingilia.

La pili ni wakati. Wakubwa wa jeshi wana njia iliyotengenezwa, kwani Chuo cha Ulinzi cha Taifa huko Karen kimekuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini koplo anayesoma jioni Ruiru anaweza kuhamishiwa Mandera au msitu wa Boni katikati ya muhula, kama wengine walivyopelekwa Goma kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023. Chuo chenye haki kinapaswa kuwa na kanuni iliyoandikwa, inayomruhusu kuahirisha masomo bila kupoteza karo wala alama alizokwisha kupata, kufanya mtihani maalum anaporudi, na kuendelea kwa mtandao pale ambapo kazi na mawasiliano vinaruhusu. Kamanda naye anapaswa kuyatambua masomo kuwa sehemu ya maandalizi ya askari kwa maisha ya uraia, badala ya kuyahesabu kuwa starehe inayotolewa kwa fadhila.

La tatu ni usindikizaji. Kwa kuwa Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 imeanza kuwatambua wastaafu mbele ya sheria, vyuo vya ukanda huu vina sababu ya kuwa na mtu mmoja anayejulikana, ambaye mstaafu anaweza kumwendea kwa masuala ya karo, ushauri nasaha na familia, na vina sababu pia ya kuwashirikisha makasisi na maimamu waliofunzwa kuhusu jeraha la dhamiri. Usindikizaji huo uwafikie pia wajane na watoto wa waliouawa, kwa sababu aliyekufa hawezi kuingia darasani, na deni lake linahamia kwa wale aliowaacha.

La nne, ambalo ni gumu zaidi kwa kuwa halina bajeti, ni mitaala. Chuo kinachompokea askari na kumfundisha uhasibu peke yake kimemsaidia kupata kazi, na hilo ni jema, lakini kimeikwepa sehemu ya deni inayohusu ukweli. Kila chuo kati ya Kahawa na Thika kinaweza kuwa na somo la maadili ya vita na amani linalosomwa na raia na askari pamoja, ambamo historia ya wapagazi, ya Burma, ya Wagalla, ya El Adde na ya Garissa inachunguzwa kwa nyaraka na kwa hoja, na ambamo hakuna anayeruhusiwa kujificha nyuma ya sare au nyuma ya kutoijua.

Kutokana na yote haya, swali la nani anamdai nani linaweza kujibiwa. Askari anaidai jamii kwa kuwa alibeba peke yake matokeo ya uamuzi uliofanywa na wengi, na jamii inamdai askari ushuhuda wa yale aliyoyaona, kwa sababu bila ushuhuda huo itaendelea kuamua kuhusu vita bila kujua inaamua nini. Madeni haya mawili hayawezi kulipwa kwa kubadilishana fedha au sifa, kwa kuwa kila moja linahitaji msikilizaji aliye tayari kubadilishwa na anachokisikia. Mpango wa zamani wa nchi hii ulilielewa jambo hilo ulipomtaka shujaa akae chini ya wazee ajifunze, na ulipowataka wazee wakubali kuwa na shujaa barazani mwao. Vyuo vikuu vya Thika, Juja na Ruiru vimerithi nafasi ya baraza lile, na kwa hiyo kumpokea askari ni sehemu ya kazi yake halisi vyuo hivyo: kila kiti vinachomnyima ni swali ambalo taifa limekataa kujiuliza, na kila kiti vinachompa kwa haki, kwa muda wa kutosha na kwa mtaala usioogopa ukweli, ni hatua ya nchi nzima kuelekea kuwajibika kwa vita vyake.